Hewa Kwanza, Moto Baadaye: Injini ya Ndege ya Kivita Katika Anga ya Nakuru

Ndege za Jeshi la Wanahewa zikipita chini juu ya Nakuru, mngurumo wake husikika kuanzia Lanet hadi Section 58, na kabla haujatulia kila mtu ana maelezo yake. Mengi ya maelezo hayo ni ya kubahatisha. Dai moja ni kwamba moto unaotoka nyuma unaisukuma hewa iliyoko nje, kisha hewa hiyo inaisukuma ndege. Jingine ni kwamba mngurumo ule ni dalili ya ndege kuvuka kasi ya sauti. La tatu, ambalo lina madhara kuliko yote, ni kwamba moto ndio injini yenyewe, na vyuma vingine vyote vipo kuusaidia uwake.

Madai mawili ya kwanza yanajibika upesi. Roketi husafiri angani mahali pasipo na hewa hata chembe, kwa hiyo msukumo hauhitaji kitu cha kuegemea nyuma. Injini inaitupa gesi nyuma kwa nguvu, nayo gesi hiyo inairudishia injini nguvu sawa kuelekea mbele. Ama kuhusu sauti, ndege inayovuka kasi ya sauti humfikia aliye chini kwa kishindo kifupi, kimoja au viwili, mfano wa baruti. Mngurumo unaoendelea hutokana na gesi inayotoka kwa kasi kubwa na kupambana na hewa tulivu iliyo kando yake.

Dai la tatu linahitaji nafasi zaidi, kwa sababu linagusa pesa za umma. Kenya imekuwa ikirusha ndege za F-5 kutoka kambi ya Laikipia, Nanyuki, tangu 1978. Siku ya kuzibadilisha haiwezi kuahirishwa milele, na nchi inayochagua ndege kwa kutazama urefu wa moto wake inaweza kununua hasara. Katika nyanda za juu za Bonde la Ufa, kinachoamua injini itafanya nini ni hewa inayoingia mbele.

Safari ya hewa kutoka mdomoni hadi mkiani

F-5E ina injini mbili za J85-GE-21 zilizobuniwa na General Electric. Kila moja ina urefu unaokaribia mita 3, kipenyo cha nusu mita hivi, na uzito usiofika kilo 350. Kwa umbo dogo kiasi hicho, kila moja inameza zaidi ya kilo 20 za hewa kwa sekunde.

Safari inaanzia kwenye mlango wa hewa ubavuni mwa ndege. Kazi yake huonekana ndogo, kumbe ni kubwa: hewa lazima ifike kwenye injini ikiwa imetulia na imesambaa sawasawa, hata ndege ikikata kona kali au ikienda kasi kuliko sauti. Hewa ikifika na mawimbi, sehemu inayofuata inaumia.

Sehemu hiyo ni kompresa. Katika J85-GE-21 ina hatua tisa. Kila hatua ni safu ya mapanga madogo yanayozunguka, ikifuatiwa na safu ya mapanga yaliyosimama yanayoinyoosha hewa kabla ya kuikabidhi hatua nyingine. Hatua moja inaongeza shinikizo kwa kama robo tu. Zikiwa tisa mfululizo, shinikizo linafika takriban mara nane ya lile la nje. Aliyewahi kujaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua jinsi pampu inavyopata moto. Ndivyo ilivyo hapa pia, kwani hewa hutoka kwenye kompresa ikiwa na joto linalokaribia nyuzi 300 za Selsiasi, na bado hakuna tone la mafuta lililomwagwa.

Ugumu wa kompresa ni kwamba inalazimisha hewa iende kule ambako shinikizo ni kubwa zaidi, na hewa kwa asili yake inataka kurudi. Kila panga ni bawa dogo. Likipewa hewa kwa pembe mbaya linapoteza mshiko, kama bawa la ndege iliyopunguza mwendo kupita kiasi. Mapanga ya kutosha yakipoteza mshiko kwa pamoja, hewa iliyobanwa inarudi mbele kwa kishindo, na wakati mwingine moto huonekana ukitoka upande wa mdomo. Ndiyo maana J85 ina mapanga ya mbele yanayoweza kugeuzwa pembe, na vali za kutoa hewa ya ziada injini inapoanza kushika kasi.

Kutoka hapo hewa inaingia chumba cha mwako, ambacho katika injini hii ni pete moja inayozunguka shafti. Wengi hudhani humu ndani kuna mlipuko. Hakuna. Mafuta yanaungua mfululizo, na shinikizo badala ya kupanda linashuka kidogo. Kinachoongezeka ni joto, na pamoja nalo ujazo wa gesi. Matatizo ya mhandisi hapa ni mawili kwa mpigo: kuufanya moto usizimike katikati ya upepo mkali, na kuzuia kuta zisiyeyuke. Kwa hiyo hewa hupunguzwa mwendo kwanza, sehemu ndogo yake ndiyo inayotumika kuunguza mafuta, na nyingine hupitishwa kando ya kuta na kuchanganywa baadaye ili kupoza. Sehemu kubwa ya oksijeni inabaki bila kutumika. Jambo hili tutalirudia.

Gesi hiyo ya moto inakutana na tabaini, ambayo katika J85 ina hatua mbili. Tabaini imeunganishwa na kompresa kwa shafti moja, na kazi yake yote ni kuizungusha kompresa pamoja na vifaa vidogo kama pampu na jenereta, kwa mizunguko kama 16,500 kila dakika. Hesabu ya kawaida ya fizikia inaonyesha kwamba, ndege ikiwa usawa wa bahari, kompresa moja ya J85 inahitaji nguvu ya megawati 6 hivi. Wakazi wa Naivasha wana kipimo karibu. Mtambo wa kwanza wa umeme wa jotoardhi wa Olkaria I, uliowashwa 1981, ulitengenezwa kutoa megawati 15. Injini mbili za F-5 zinakula kiasi kinachokaribia hicho kwa ajili ya kubana hewa peke yake, na nguvu hiyo haijaisogeza ndege hata hatua moja. Tena, tabaini ya Olkaria inazungushwa na mvuke usiofika nyuzi 200. Ile ya J85 inapigwa na gesi yenye karibu nyuzi 1,000.

Inafaa kulitazama panga moja la tabaini kwa karibu. Ni kipande cha aloi ya nikeli kinachoweza kushikwa kwa vidole viwili. Kinapozunguka, kinavutwa nje kwa nguvu mithili ya kutundikiwa mzigo wa tani kadhaa, huku chuma kikiwa chekundu kwa joto. Shina lake limechongwa meno yanayoingia kwenye gurudumu kama ufunguo kwenye kufuli, kwa maana hakuna gundi wala msumari ungelishikilia. Katika injini za kisasa, ambamo gesi huvuka nyuzi 1,500, joto hilo linazidi kiwango ambacho aloi yenyewe huyeyuka. Panga linapona kwa sababu ndani lina mifereji na juu lina vitundu vidogo vinavyotoa hewa ya kompresa, ili utando wa hewa hiyo ukinge chuma. Lakini hewa ya kupozea ni hewa iliyobanwa kwa gharama kubwa, kisha haitumiki kikamilifu kusukuma ndege.

Mwisho ni nozeli, inayoibana gesi itoke kwa kasi. Ndege nyingi za kivita zina kitu kimoja zaidi kati ya tabaini na nozeli: kichomeo cha nyuma. Ni bomba refu lenye vinyunyizio vya mafuta, yanayowashwa kwa kutumia ile oksijeni iliyosalia. Nozeli nayo hupanuka ili gesi iliyoongezeka ipate njia. Huu ndio moto unaoonekana kwa macho, na ndio chanzo cha kutoelewana kote.

Ni sehemu gani inayosukuma ndege?

Hapa kuna kambi tatu. Ya kwanza inasema ni moto. Hoja yake ina nguvu: bila mafuta hakuna nishati, na J85-GE-21 ikiwasha kichomeo cha nyuma msukumo wake hupanda kutoka kilonyutoni 15.6 hadi 22.2, yaani zaidi ya asilimia 40, kwa kitambo kifupi mno. Rubani anayeondoka kwenye barabara fupi, au anayetaka kumkwepa adui, hana msaada mwingine wa haraka kama huo. Udhaifu wa hoja uko kwenye mafuta: ili kupata nyongeza hiyo, injini inayanywa karibu mara tatu ya awali. Tangi za ndani za F-5E zina lita 2,560 hivi. Injini zote mbili zikiachwa kwenye kichomeo cha nyuma usawa wa bahari, mafuta hayo yangeisha kwa dakika kama 12.

Kambi ya pili, wengi wao wakiwa mafundi, inasema ni tabaini. Maisha ya injini huhesabiwa kwa joto la tabaini. Rubani hutazama mshale wa joto hilo kabla ya mishale mingine mingi. Na historia ya injini za jeti tangu Frank Whittle aliposajili ubunifu wake 1930, na tangu ndege ya jeti ya He 178 ya Ujerumani iliporuka Agosti 1939, kwa sehemu kubwa ni historia ya kutafuta chuma kinachostahimili joto. Yote ni kweli. Hata hivyo, kikomo cha kitu si chanzo chake.

Ya tatu inasema ni kompresa. Mara ya kwanza hoja hii inaonekana ya ajabu, kwa vile kompresa inakula nguvu badala ya kuitoa. Lakini wahandisi wakikokotoa nguvu za shinikizo katika kila sehemu ya injini ya aina hii, wanapata jibu linaloshangaza. Kompresa na chumba cha mwako vinavuta kuelekea mbele. Tabaini inavuta nyuma, tena kwa nguvu nyingi, na nozeli nayo kwa kawaida inavuta nyuma. Msukumo wa ndege ni salio la mvutano huo mkubwa wa ndani, na sehemu ya nyuma ambayo mtazamaji anaiona ikitoa moto ndiyo hasa iliyo upande wa kupunguza.

Nikizipima hoja hizi, naona kambi ya tatu ina ukweli mwingi zaidi, japo si wote. Nozeli ikiondolewa, shinikizo la ndani linaporomoka na salio lenyewe linatoweka. Hakuna kiungo kinachofanya kazi peke yake. Ila swali likiwa ni kitu gani kinaweka mpaka wa yote mengine, jibu ni kiasi cha hewa ambacho kompresa inaweza kuingiza na kubana. Mafuta huongezwa kulingana na hewa iliyopo. Ukiyazidisha, unaunguza tabaini au unaisukuma kompresa ipoteze mshiko.

Bei ya mwinuko

Jiji la Nakuru liko takriban mita 1,850 juu ya bahari, na kambi ya Laikipia iko kwenye mwinuko unaokaribiana na huo. Kwa mwinuko wa Nakuru shinikizo la hewa ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa. Ongeza jua la alasiri lenye nyuzi 25, na uzito wa hewa katika kila mita ya ujazo unashuka hadi asilimia 77 hivi ya kipimo cha kawaida ambacho watengenezaji huandika vitabuni.

Matokeo yake yanajumlishana. Kompresa inameza ujazo uleule, lakini ndani yake kuna hewa pungufu kwa karibu robo, kwa hiyo msukumo unapungua kwa kiasi kinachokaribia hicho. Wakati huohuo mabawa nayo yanashika hewa nyepesi, na ndege inalazimika kufikia kasi kubwa zaidi ardhini kabla ya kunyanyuka. Ukiweka yote mawili pamoja, ndege yenye mzigo uleule inahitaji barabara ndefu kuliko ile ya pwani kwa nusu hadi theluthi mbili. Anayeijadili mipango ya kupanua uwanja wa ndege wa Lanet, Nakuru, kwa kuulinganisha na viwanja vya Mombasa au Malindi anaanza na hesabu isiyo sahihi.

Majibu matatu ambayo Kenya imeyajaribu

Bahati nzuri, Kenya haihitaji kubishana kwa nadharia. Imewahi kumiliki aina tatu za injini kwa kazi zinazokaribiana.

J85 ya F-5 ni tabojeti: hewa yote inayoingia inapita katikati ya moto. Ni nyepesi, ina shafti moja, na ikishika kasi inaifikisha ndege Mach 1.6. Ndege hizi zilishiriki vita dhidi ya Al-Shabaab baada ya majeshi ya Kenya kuingia Somalia Oktoba 2011, na idadi yake ilikuwa imeongezwa kwa nyingine zilizokwisha tumika kutoka Jordan. Udhaifu ni kwamba tabojeti inatupa gesi kidogo kwa kasi kubwa mno. Nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo sehemu kubwa ya mafuta hupotelea nyuma kama upepo na kelele. Zaidi ya hayo, utengenezaji wa J85 ulisimama 1988, na kila kipuri kipya kinatafutwa kwenye soko linalosinyaa.

Ndege za Hawk, ambazo Kenya ilipokea 12 mwanzoni mwa miaka ya 1980, zilikuja na injini ya Adour, ambayo ni tabofeni. Mbele kuna feni ya hatua mbili. Kwa kila kilo ya hewa inayopita katikati ya moto, kama gramu 800 zinapita kando bila kuunguzwa, kisha zinaungana nayo nyuma. Gesi inatoka nyingi zaidi na kwa upole zaidi, na kwa msukumo uleule mafuta yanapungua kwa kama robo. Bei yake ni shafti mbili, moja ndani ya nyingine, beringi zaidi, saa nyingi zaidi za fundi. Na kuna jambo ambalo wauzaji hawalipazi sauti: kadiri hewa ya kando inavyokuwa nyingi, ndivyo injini inavyopoteza msukumo zaidi ndege inapopaa juu na kwenda kasi. Ndiyo sababu injini za kivita hubaki na kiasi kidogo cha hewa hiyo, tofauti kabisa na zile za ndege za abiria.

Ndege za Tucano, 12 nazo, zilifika mwanzoni mwa miaka ya 1990. Injini yake ya TPE331 ina kompresa ya aina nyingine, yenye magurudumu mawili yanayoirusha hewa kwa nje badala ya safu za mapanga membamba. Tabaini yake ya hatua tatu inazungusha kompresa na rafadha pia, kwa nguvu ya farasi 1,100. Rafadha inasukuma hewa nyingi sana kwa kasi ndogo, na kwa matumizi ya mafuta haina mpinzani katika mwendo wa chini. Magurudumu yale ni mazito na hayavunjiki kirahisi. Lakini ndege ya namna hii haiwezi kuifukuza ndege nyingine ya jeti. Kutoka Laikipia hadi mpaka wa Somalia ni mamia ya kilomita, na askari waliozingirwa huko huhesabu dakika.

Vumbi na ndege wa ziwani

Bonde la Ufa lina maadui wengine wawili wa injini. Udongo wake una majivu ya volkeno za kale, na huko Kariandusi karibu na Elementaita huchimbwa diatomaiti, unga mweupe wa silika. Vumbi la silika linakwaruza mapanga ya kompresa. Likifika penye joto kali linalainika na kuganda kama kioo juu ya tabaini, na kuziba vitundu vya kupozea. Dunia ilijifunza hili tarehe 24 Juni 1982, injini zote nne za Boeing 747 ya British Airways zilipozimika katika majivu ya mlima Galunggung, Indonesia, kabla marubani hawajaziwasha tena. Kwa hiyo, injini ya kisasa yenye joto la juu ina nguvu zaidi na pia ni dhaifu zaidi mbele ya vumbi kuliko J85 ya zamani.

Ndege wa porini ni suala zito zaidi kwa Lanet, iliyo kilomita chache kutoka Ziwa Nakuru. Heroe mdogo ana uzito wa kilo 2 hivi. Mwari mweupe anaweza kuvuka kilo 10, ilhali majaribio ya kimataifa ya injini za ndege za abiria hutumia ndege mmoja mkubwa asiyezidi kilo 3.65. Kwenye majabali ya Hell's Gate huzaliana tumbusi wa Rüppell, na mmoja wa jamii hiyo aliwahi kuingia kwenye injini ya ndege juu ya Abidjan mwaka 1973, kwenye kimo cha zaidi ya mita 11,000. Kutazama barabara ya kurukia kwa darubini, na askari kutembea bega kwa bega wakiokota vijiwe kabla ya safari, ni sehemu ya matengenezo ya injini kama ilivyo kubadilisha oili.

Uamuzi

Tabojeti imemaliza zamu yake. J85 imeitumikia Kenya kwa uaminifu, lakini kuendelea kuitegemea ni kulipia mafuta mengi na vipuri adimu kwa kazi ambayo injini nyingine zinaifanya vizuri zaidi. Kwa ulinzi wa anga, mrithi wake ni tabofeni yenye hewa kidogo ya kando na kichomeo cha nyuma, mpango unaotumiwa na karibu ndege zote za kivita zinazotengenezwa leo. Kwa doria za mpakani na kuwasaidia askari walio ardhini, injini ya rafadha inatosha, na ingeokoa fedha ambazo moto wa nyuma ungezimaliza kwa dakika. Kikosi kinachohitaji kazi zote mbili kinahitaji ndege za aina mbili; kujaribu kuziunganisha katika injini moja ni kununua kitu kisichofaa vizuri kwa lolote.

Wabunge wa kamati ya ulinzi, watakapoletewa mapendekezo, waulize swali moja kabla ya bei: injini hii inatoa msukumo gani kwenye mita 1,900, kwa joto la nyuzi 25, ikiwa imebeba mzigo kamili? Muuzaji anayejibu kwa takwimu za usawa wa bahari arudishwe akakokotoe upya.